Eastbridge, nyumba ya mahujaji maskini ambayo bado ina wakaaji

Anayepita katika barabara kuu ya mji wa Canterbury, kusini mashariki mwa Uingereza, anaweza kulikosa jengo hili kwa urahisi. Liko pale barabara inapovuka mkono mmoja wa mto Stour, kwenye daraja liitwalo King's Bridge, na majirani zake ni maduka na mikahawa. Ukuta wake wa mbele ni wa mawe ya gumegume, na mlango wake uko chini ya usawa wa barabara. Mgeni huteremka ngazi ili aingie, kwa kuwa ardhi ya mji imeinuka kidogo kidogo kwa vifusi na ujenzi wa karne nane, ilhali nyumba imebaki pale ilipowekwa.

Jina lake kamili ni Hospitali ya Mtakatifu Thomas Mfiadini, Eastbridge. Asiyejua historia yake huenda akabisha hodi akitafuta daktari. Neno hospitali, kabla halijahamia kwa wagonjwa, lilikuwa la wageni. Asili yake ni Kilatini, lugha ambamo neno hospes lilimtaja mgeni na pia mwenyeji anayempokea. Hospitali, hoteli na hosteli, maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea kwa maana tatu tofauti, ni ndugu wa tumbo moja. Eastbridge ilianzishwa katika karne ya 12, wakati ndugu hao walikuwa bado hawajaachana. Ilikuwa nyumba ya kulala mahujaji wasio na fedha, waliofika Canterbury kuzuru kaburi la Askofu Mkuu Thomas Becket.

Nyumba za aina hiyo zilikuwa nyingi katika Ulaya ya Zama za Kati. Nyingi zimetoweka, nyingine zimekuwa hoteli za fahari, na nyingine zimebaki majengo matupu yanayotazamwa kwa tiketi. Eastbridge imepata majaliwa mengine. Watalii huingia katika kumbi zake za kale, lakini wazee wa mji bado wanaishi humo kama nyumbani kwao. Jinsi ilivyofika hapo ni kisa kinachohitaji kuelezwa, kwa maana palitokea mfalme aliyejitahidi kulifuta hata jina la mtakatifu ambaye kwa ajili yake nyumba hiyo ilijengwa.

Mauaji yaliyoujaza mji wageni

Thomas Becket aliuawa ndani ya Kanisa Kuu la Canterbury jioni ya tarehe 29 Desemba 1170. Waliomkata kwa panga walikuwa makabaila wanne wa Mfalme Henry II, ambaye hapo awali alikuwa rafiki wa Becket na baadaye akagombana naye juu ya mipaka ya mamlaka ya Kanisa na ya ufalme. Habari hiyo ilienea Ulaya nzima kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1173 Papa Alexander III alimtangaza Becket kuwa mtakatifu, na mwaka 1174 mfalme mwenyewe alikuja Canterbury kutubu, akatembea pekupeku mjini na kukubali kuchapwa viboko na watawa mbele ya kaburi.

Ikiwa mfalme alikwenda, raia wangekaa nyumbani kwa sababu gani? Walikuja kwa farasi na kwa miguu, wenye afya na waliobebwa kwa machela, wengine wakitimiza nadhiri, wengine wakitafuta uponyaji. Kutoka London ni takriban kilomita 90, safari ya siku kadhaa kwa mtembea kwa miguu. Wengine walitoka ng'ambo ya bahari. Mwaka 1220 mabaki ya mtakatifu yalihamishwa kutoka chumba cha chini cha Kanisa Kuu na kuwekwa juu, nyuma ya madhabahu kuu, katika sanduku lililopambwa kwa dhahabu na vito. Tangu hapo idadi ya wageni ilizidi.

Mgeni mwenye fedha hakuwa na shida. Karibu na lango la Kanisa Kuu, mwishoni mwa karne ya 14, watawa wenyewe walijenga nyumba kubwa ya wageni iliyoitwa Chequer of Hope, wakapata faida kwa kuwalaza mahujaji wenye uwezo. Asiyekuwa na kitu ndiye aliyehitaji mtu wa kumfikiria. Kwa ajili yake raia mmoja wa mji, Edward mwana wa Odbold, alianzisha nyumba ya Eastbridge katika miongo ya mwanzo baada ya mauaji. Mwanzoni mwa karne ya 13 Askofu Mkuu Hubert Walter aliiongezea mapato, na raia mwingine, William Cokyn, ambaye alikuwa na hospitali yake ndogo mjini, akaiunganisha na Eastbridge pamoja na mali yake.

Hapa msomaji aliyekulia mahali penye misikiti ya kale atalitambua jambo hili bila kuelezwa zaidi, kwa kuwa si kingine bali wakfu. Mtu hutoa shamba, nyumba ya kupangisha au mapato ya kinu, na faida yake huwekwa kwa ajili ya wasiojiweza, pasipo warithi kuwa na haki ya kuigawana. Jengo la mawe huonekana, wakfu hauonekani. Lakini kuta za Eastbridge zisingesimama kwa miaka hii yote kama pasingekuwa na kodi ya mashamba ya kuzitengeneza.

Chini ya matao

Chumba cha chini ndicho kinachomsogeza mgeni karibu zaidi na watu wa zama zile. Dari lake ni la matao ya mawe yanayobebwa na nguzo nene fupi, mwanga ni haba, na baridi ya mto haiko mbali. Humo ndimo mahujaji walimolala. Asifikirie mtu kwamba kila mmoja alikuwa na chumba chake na ufunguo; walilala wakiwa wamejipanga, na faragha haikuwa miongoni mwa mambo waliyoyatarajia.

Juu yake kuna ukumbi wa kulia chakula. Katika ukuta mmoja ipo picha ya karne ya 13 inayomwonyesha Kristo akiwa ameketi katika utukufu, na kandokando alama za wainjilisti wanne. Imechakaa, lakini bado inasomeka. Iliokolewa na kisa cha kuchekesha: baada ya mahujaji kukoma, bomba la moshi la jiko lilijengwa mbele ya ukuta huo na kuificha kwa vizazi kadhaa. Bomba lilipoondolewa katika karne ya 19, picha ikaonekana tena. Waliojenga jiko hawakuwa na nia ya kuhifadhi chochote, na pengine ndiyo maana walifanikiwa. Picha nyingi za aina hiyo zilizokuwa wazi katika makanisa ya Uingereza zilipakwa chokaa au kukwanguliwa kwa amri.

Ghorofa ya juu ina kanisa dogo lenye paa la mbao nzito za Zama za Kati. Hujaji aliweza kula, kusali na kulala bila kutoka mlangoni, na asubuhi akakamilisha hatua chache zilizobaki kufika kaburini.

Peni nne kwa siku

Tunajua mengi kuhusu maisha ya ndani kwa sababu mambo yaliwahi kuharibika. Kufikia karne ya 14 nyumba ilikuwa imezorota, na mwaka 1342 Askofu Mkuu John Stratford alitoa kanuni mpya za kuiongoza. Kanuni hutungwa pale ambapo watu wameacha kufanya yaliyo wazi, hivyo kila kifungu chake hutudokeza pia kasoro iliyotangulia.

Msimamizi alipaswa kuwa padri, na alitakiwa kutoa hesabu ya mapato na matumizi. Peni nne zilitumika kila siku kwa ajili ya mahujaji maskini. Kiasi hicho hakikuwa cha kila mtu bali cha wote kwa pamoja, na kilikaribia ujira wa siku moja wa fundi stadi. Siku ambayo wageni walikuwa wachache na fedha zikabaki, salio liliwekwa kwa ajili ya siku ya msongamano. Ni uhasibu wa nyumba ndogo, lakini ni uhasibu wa mtu aliyekwisha kuona mlango ukifungwa mbele ya wenye njaa kwa kuwa fungu la siku limekwisha.

Vitanda vilikuwa 12. Hujaji mwenye afya alipewa usiku mmoja tu. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko Canterbury hata siku ya pili haikufika. Mgonjwa alitendewa tofauti. Yeye alitangulizwa mbele ya mzima na aliruhusiwa kukaa zaidi. Mwanamke mwenye sifa njema, aliyepita umri wa miaka 40, ndiye aliyewekwa kuangalia vitanda na kuwahudumia wageni. Aliyefia humo alizikwa katika makaburi ya Kanisa Kuu, jambo lisilo dogo kwa maskini aliyekufa mbali na kwao.

Ukarimu huo ulikuwa na mpaka. Wenye ukoma hawakupokewa. Wao walikuwa na hospitali yao katika kijiji cha Harbledown, nje kidogo ya mji katika njia ya London, iliyoanzishwa na Askofu Mkuu Lanfranc katika karne ya 11, karibu miaka mia moja kabla ya Becket kuuawa. Mahujaji waliotoka London walipita mlangoni pake kabla ya kuuona mnara wa Kanisa Kuu.

Miaka michache baada ya kanuni za Stratford, tauni kuu ya mwaka 1348 na 1349 iliikumba Uingereza. Nyumba ilinusurika, na mwishoni mwa karne hiyo ndipo mshairi Geoffrey Chaucer alipoandika The Canterbury Tales, kitabu kilichoifanya safari ya Canterbury ijulikane kuliko hija nyingine yoyote ya Kiingereza. Wasafiri wake wa kubuni wanaanzia katika nyumba ya wageni ya Tabard, kusini mwa mto Thames. Tabard ilikuwapo kweli. Iliteketea mwaka 1676, ikajengwa upya, na katika miaka ya 1870 ikabomolewa. Chequer of Hope nayo iliungua kwa sehemu kubwa mwaka 1865. Nyumba mbili za wenye fedha, moja ikiwa maarufu duniani, zimekwenda. Ile ya maskini ipo.

Mwaka ambao mahujaji walikoma

Mnamo Septemba 1538 watu wa Mfalme Henry VIII walilivunja kaburi la Becket na kuchukua dhahabu na vito vyake kwa ajili ya hazina ya mfalme. Henry alikuwa amejitenga na Papa na kujifanya mkuu wa Kanisa la Uingereza. Mtakatifu aliyefahamika kwa kumpinga mfalme aliyeitwa Henry hakuweza kuvumiliwa. Mwaka huohuo ilitolewa amri kwamba Becket asiitwe tena mtakatifu, sanamu na picha zake ziondolewe, na jina lake lifutwe katika vitabu vya ibada. Vitabu vilivyobaki vya wakati huo vina kurasa ambazo jina lake limekwanguliwa kwa kisu.

Eastbridge ikapoteza sababu ya kuwapo kwake kwa siku moja, kama duka la bandarini siku meli zinapoacha kutia nanga. Monasteri zilikuwa zikifungwa kote nchini, na hospitali nyingi zilizokuwa chini yake zilikwenda nazo. Eastbridge ilisaidiwa na jambo moja la kisheria: haikuwa mali ya monasteri. Ilikuwa taasisi yenye mali yake, chini ya uangalizi wa Askofu Mkuu wa Canterbury, na cheo hicho Henry hakukifuta. Hata hivyo miaka iliyofuata ilikuwa ya mashaka. Ukaguzi wa mwaka 1557 ulikuta nyumba ikiwa na wajibu wa kuweka vitanda vinane vya wanaume na vinne vya wanawake kwa ajili ya wapita njia na wenye majeraha. Ni vilevile vitanda 12, ila neno hujaji halihitajiki tena.

Aliyeipa kazi mpya ni Askofu Mkuu Matthew Parker. Kanuni zake za mwaka 1569 ziliwakumbuka askari maskini na waliojeruhiwa waliokuwa wakipita mjini, kwa kuwa Canterbury iko katika njia ya Dover, bandari ya kwendea Ufaransa. Pia alianzisha shule, ambako wavulana 20 walifundishwa bure kusoma, kuandika na kuimba. Darasa lilikuwa katika kanisa la juu, na shule hiyo iliendelea hadi karibu mwaka 1880, yaani kwa zaidi ya miaka 300. Mahujaji walikaa humo muda usiozidi sana huo, ingawa ndio wanaokumbukwa.

Mageuzi ya mwisho makubwa yalifanywa mwaka 1584 na Askofu Mkuu John Whitgift, na Bunge likayathibitisha kwa sheria. Badala ya wageni wa usiku mmoja, nyumba ilipewa wakaaji wa kudumu: maskini kumi wa mji, wanaume kwa wanawake, walioitwa ndugu, pamoja na wengine kumi walioishi nje na kupewa posho. Kutoka hapo Eastbridge ikaingia katika kundi la nyumba za hisani za Kiingereza, ambamo wazee wasio na uwezo hupewa makazi kwa mapato ya wakfu. Ndivyo ilivyo hadi leo.

Kuhifadhi jengo ambalo watu wanaishi

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 1942 ndege za Ujerumani ziliishambulia Canterbury, na sehemu kubwa ya upande wa mashariki wa katikati ya mji ikateketea. Eastbridge iko upande wa magharibi na ilisalimika. Hasara za vita hivyo ndizo zilizoisukuma Uingereza kuorodhesha majengo yake ya kale kwa utaratibu. Sheria ya mipango miji ya mwaka 1947 iliweka msingi wa orodha hizo. Eastbridge imo katika daraja la kwanza, ambalo hupewa takriban asilimia 2.5 tu ya majengo yote yaliyoorodheshwa Uingereza. Kubadilisha sehemu ya jengo la namna hiyo bila kibali ni kosa la jinai.

Ulinzi huo una uzito wake. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa mawe na chokaa hauwezi kuzibwa kwa saruji, kwa sababu saruji huzuia unyevu usitoke na mawe huanza kuoza kwa ndani. Fundi anayejua chokaa hulipwa zaidi na huchukua muda mrefu zaidi. Tena huyu si fundi wa gofu lisilo na mtu. Juu na kando ya kumbi hizo wanaishi watu waliokula chumvi nyingi, wanaohitaji joto wakati wa baridi, maji ya moto, ngazi zisizoteleza na taa za kutosha, ndani ya kuta ambazo hazikuwahi kukusudiwa kuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mhifadhi anataka nyumba ibaki kama ilivyokuwa. Mkaaji anataka iweze kukalika. Wote wawili wana haki, na anayelipa ni wakfu uleule, ukisaidiwa na kiingilio na michango ya wageni.

Mahali pengine mvutano huo ulimalizwa kwa njia nyingine. Katika mji wa Glastonbury, magharibi mwa Uingereza, nyumba ya mahujaji iliyojengwa na abati John Selwood katika karne ya 15 bado inapokea wageni wanaolipa. Abasia iliyoimiliki imebaki magofu. Huko Santiago de Compostela nchini Uhispania, hospitali ya mahujaji iliyoamriwa na Ferdinand na Isabella mwaka 1499 iligeuzwa hoteli ya kifahari mwaka 1954. Imehifadhiwa vizuri mno, na bado ina desturi ya kuwapa chakula cha bure mahujaji wachache wa kwanza kila siku. Lakini mtu ambaye Ferdinand na Isabella walimkusudia hawezi kulipia kitanda humo. Mimi naona kwamba jengo likitunzwa na walengwa wake wakaondolewa, kilichohifadhiwa ni nusu tu, ingawa ni haki kukiri kwamba bila fedha za hoteli huenda hata nusu hiyo isingekuwapo.

Mwaka 1988 UNESCO iliorodhesha Kanisa Kuu la Canterbury, abasia ya Mtakatifu Augustine na kanisa la Mtakatifu Martin kuwa urithi wa dunia. Eastbridge haimo katika orodha hiyo. Wageni wengi wa Kanisa Kuu huipita bila kuiona, na wale wanaoteremka ngazi zake huoneshwa chumba cha matao, ukumbi wenye picha na kanisa la juu. Milango mingine hubaki imefungwa, kwa kuwa nyuma yake ni sebule na vyumba vya watu.

Hija nayo imerudi kwa namna yake. Canterbury ndiyo mwanzo wa Via Francigena, njia ya kale ya kwenda Roma kupitia Ufaransa, Uswisi na Italia, ambayo Askofu Mkuu Sigeric aliipitia akirejea kutoka Roma karibu mwaka 990 na ambayo Baraza la Ulaya iliitambua kuwa njia ya utamaduni mwaka 1994. Kila mwaka watu hufunga mizigo yao mgongoni na kuanza safari kutoka mlango wa Kanisa Kuu. Anayefika King's Bridge usiku akitafuta pa kulala itambidi aulizie kwingine; vitanda vya Eastbridge vina wenyewe.